Waziri Ajibu Mbele ya Bunge Zima, au Arudi Kwenye Kamati?

Mwanzisha hoja, Langoni, Lamu

Naileta hoja hii kwa sababu ya Jumatano moja iliyotukuta barazani hapa Langoni, redio ikiwa katikati yetu na waziri akijibu swali la mbunge kuhusu huduma za umma. Swali lilikuwa la mstari mmoja, nalo jibu likachukua muda ambao mzee mmoja aliutumia kumenya chungwa na kulila lote bila haraka. Waziri alipoketi, mzee yule akauliza, "Sasa amesema lini?" Hakuna aliyeweza kumjibu, ilhali sote tulikuwa tumesikiliza.

Kwa wasiofuatilia mambo haya, kabla ya Katiba ya 2010 waziri wa Kenya alikuwa mbunge, akiulizwa ukumbini na wabunge wenzake. Katiba mpya ilimtoa Bungeni, na Kifungu cha 153 kikamtaka afike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapoitwa, ajibu swali lolote linalohusu wizara yake, na alete ripoti kamili mara kwa mara. Baada ya uchaguzi wa 2013, maswali yakawa yanaishia kwenye kamati. Mwishoni mwa 2022 Rais William Ruto aliyaomba mabunge yote mawili yabadilishe kanuni zao za kudumu, na tangu 2023 mawaziri husimama mbele ya wabunge wote.

Msimamo wangu ni kwamba waendelee kusimama ukumbini, ila jibu lisilotaja kiasi cha fedha, mwaka wa fedha na tarehe lisihesabiwe kuwa jibu, na Spika awe na uwezo wa kulirudisha. Kamati huketi mchana wa kazi katika chumba cha Nairobi ambacho mtu wa Lamu hakijui mlango, na yanayosemwa humo hutufikia yakiwa yamechujwa. Ukumbini angalau tunasikia kwa masikio yetu, hata kama tunachosikia ni upepo.

Mchangiaji kutoka Malindi

Ndugu yangu wa Langoni, nimefanya kazi ya hesabu kwa miaka mingi na ninakubaliana na malalamiko yako, si na dawa uliyoitoa. Kwa mujibu wa sheria, anayesimamia matumizi ya fedha za wizara na kuwajibikia hesabu zake ni katibu wa wizara. Ukimsimamisha waziri ukumbini umemsimamisha msemaji, na katibu mwenye mafaili yuko nje. Kwenye kamati huja wote wawili, pamoja na maofisa waliotia sahihi, na mbunge aliyejiandaa huweza kukaa juu ya hati moja ya malipo kwa saa nzima mpaka ieleweke. Ukumbini ana swali moja la nyongeza, kisha Spika anamwita mwingine.

Tena usiisahau ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka akamilishe ukaguzi ndani ya miezi 6, na kinalitaka Bunge liijadili ripoti hiyo na kuchukua hatua ndani ya miezi 3 baada ya kuipokea. Hapo ndipo panapokamatwa shilingi iliyopotea, na kazi hiyo hufanywa na kamati ya uhasibu, si na hotuba za Jumatano.

Wanaosema kwamba ukumbi humtia waziri hofu wakumbuke mwaka 2024. Wabunge 149 waliunga mkono hoja ya kumwondoa Mithika Linturi, aliyekuwa waziri wa kilimo, kwa sababu ya mbolea bandia iliyouziwa wakulima. Kamati teule ya wabunge 11 iliyoundwa kwa mujibu wa Katiba ikaamua kwamba tuhuma hazikuthibitishwa, akabaki kazini. Miezi miwili baadaye, tarehe 11 Julai, akaondoka pamoja na karibu baraza zima, na aliyewafuta kazi ni Rais, kufuatia maandamano ya vijana.

Mchangiaji kutoka Faza

Maalim wa Malindi, huo mfano wako wa mwisho unakukata wewe mwenyewe, maana waliomnusuru waziri huyo walikuwa kamati uliyokuwa ukiisifu. Lakini sitaki tubishane hapo, kwa sababu sisi wa visiwani tuna tatizo linalotangulia lile la ukumbi na kamati. Maswali yetu mengi hupelekwa mlango usio wake.

Nitaeleza niliyoyaona. Zahanati moja huku visiwani ilikaa muda mrefu na jokofu la chanjo lisilofanya kazi. Chanjo zililetwa siku ya kliniki ndani ya kisanduku cha barafu, na siku ambayo bahari ilichafuka boti haikuja, akina mama wakarudi na watoto wao. Kwenye mkutano wa hadhara mwanasiasa mmoja akaahidi kwamba swali letu litaulizwa Nairobi. Tukashangilia, mimi nikiwamo, na hilo linanitia haya mpaka leo, kwani afya ya zahanati ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Waziri wa Nairobi angesimama na kusema, kwa haki kabisa, kwamba jambo hilo halimhusu, na miezi yetu ingekuwa imekwenda bure.

Swali hatimaye lilipelekwa kwa wa kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 39, inairuhusu kamati ya bunge la kaunti kumtaka waziri wa kaunti afike na kujibu. Jibu lililokuja lilikuwa karatasi moja yenye muhuri, na nililisoma mwenyewe: suala linashughulikiwa, fedha zitatengwa katika bajeti ya ziada. Bajeti ya ziada ya mwaka upi, hapakuandikwa. Kaunti yetu ilihesabiwa kuwa na watu 143,920 katika sensa ya 2019, ndiyo yenye watu wachache kuliko zote nchini. Ikiwa hata hapa, ambapo waziri na aliyeuliza hupanda boti moja, jibu halina tarehe, tutaidai vipi Nairobi?

Mchangiaji kutoka Mkomani

Nina neno moja tu. Wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hukumu ya Mahakama Kuu mwaka 2018, wavuvi wapatao 4,600, na hata baada ya hukumu walisubiri miaka. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Sioni ni jibu gani la waziri, la ukumbini au la kamatini, lililowahi kutupa tulichopewa na majaji.

Mwanzisha hoja

Ndugu wa Mkomani, ni kweli, lakini kesi ile ilihitaji mawakili na ushahidi wa miaka, na si kila jokofu litapelekwa mahakamani.

Maalim wa Malindi amenisogeza kidogo. Nakubali kwamba katibu wa wizara aketi nyuma ya waziri siku ya maswali, na kwamba suala la hati za malipo libaki kwenye kamati. Ninalong'ang'ania ni kwamba ahadi itamkwe hadharani, iingie kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na baada ya miezi mitatu isomwe tena mbele ya yuleyule aliyeitoa. Na itamkwe kwa Kiswahili. Kifungu cha 120 cha Katiba kimekifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, lakini takwimu za bajeti zikifika tu, wakubwa wetu huhamia Kiingereza, hata wale ambao tunajua nyumbani kwao huongea Kiswahili kuanzia alfajiri. Wenzetu wa Tanzania huulizana maswali ya fedha kwa Kiswahili kila kikao na sijasikia hesabu yao ikiharibika kwa sababu hiyo.

Ama wewe wa Faza, kisa chako ndicho kilichonikosesha usingizi. Ile karatasi yenye muhuri usiitupe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia haki ya kuandika barua kudai taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo inatakiwa kuamua ndani ya siku 21. Nipe tarehe ya karatasi na nambari yake ya kumbukumbu. Nitaandika barua ya kuuliza mambo mawili tu, yaani fungu lenyewe ni lipi na ni la mwaka gani wa fedha, kisha tuitie sahihi sote tulioandika hapa. Boti ya Jumatatu ikiwahi, itakuwa imepokelewa kabla ya adhuhuri.