Tupeane uzoefu: Waliowahi kushikwa na bangi kidogo ndani ya gari, mwisho wake ulikuwaje?

Mjomba wa Kisauni
Assalamu alaikum, wakubwa kwa wadogo. Mpwa wangu alishikwa Ijumaa jioni karibu na daraja la Nyali, hapa Mombasa, akiendesha gari la mamake, na askari wakatoa misokoto miwili kwenye mfuko wa mlango wa abiria. Walikuwa vijana watatu garini na wote wamelala ndani. Kwa kuwa Jumamosi na Jumapili zimeingia katikati, atafikishwa mahakamani kesho. Mimi nimemwambia akubali kosa, tulipe faini, arudi nyumbani kabla ya adhuhuri, lakini dada yangu hajapata usingizi tangu juzi na ananiuliza maswali nisiyoyaweza. Aliyepitia njia hii naomba atueleze yaliyomfika yeye mwenyewe, si aliyoyasikia barazani.

Dereva wa Zamani, Mtwapa
Ndugu yangu, umenikumbusha jambo nililodhani nimelizika. Mwaka 2016 nilikuwa dereva wa matatu, na asubuhi moja tulisimamishwa kwenye kizuizi, abiria wakateremshwa, na askari akainua mto wa kiti cha utingo, akatoa karatasi ya kaki iliyokunjwa vizuri kama pakiti ya ubuyu. Ndani yake mlikuwa na msokoto mmoja mzima na nusu ya mwingine uliokwisha kuvutwa. Nilimtazama utingo wangu, naye akageuka akatazama upande wa bahari. Niliposema kwamba si yangu, niliulizwa swali moja tu, yaani nani aliyekabidhiwa gari hilo.

Usiku ule korokoroni, mzee mmoja aliyeonekana mwenyeji wa mahali pale alituambia kwamba hakimu ana kesi nyingi, na anayesema "ni kweli" hutoka mapema. Nikaamini. Kesho yake kiongozi wa mashtaka alisoma maelezo, akainua bahasha iliyokuwa na ile karatasi ya kaki, na hakimu akaniuliza kama yaliyosomwa ni sahihi. Mama yangu alikuwa ameketi benchi la nyuma amekumbatia chupa ya chai ambayo alikatazwa kunipa. Nikasema ni kweli. Nilipigwa faini ya shilingi 15,000 au miezi sita, na mama akailipa kwa pesa za chama ambazo zamu yake ndiyo kwanza ilikuwa imefika. Saa saba mchana nilikuwa Mwembe Tayari nakula viazi karai na kujiona mjanja.

Mambo yalikuja baadaye. Nilipohitaji cheti cha mwenendo mwema ili nihuishe beji ya udereva, nilichukuliwa alama za vidole, vyote kumi, na cheti kilipotoka kilikuwa na ile hukumu ndani yake. Tajiri wa gari alikisoma akiwa amesimama, akanirudishia, kisha akanyoosha mkono kuomba ufunguo. Nikajaribu malori ya bandarini, nako wakaniomba cheti hicho hicho. Sasa nauza madafu, na utingo yule ndiye dereva wa ile matatu.

Abu Tuktuk
Hapo kwenye cheti umesema kweli tupu, kwa sababu hata mimi ndipo nilipokwama.

Bi Mkubwa wa Mji wa Kale
Asiyevuta hashikwi. Badala ya kuwafundisha watoto maneno ya kusema kizimbani, wafundisheni kuondokana na uchafu huo.

Dereva wa Zamani, Mtwapa
Shikamoo, Bi Mkubwa. Kwa heshima zote, aliyekuwa akivuta ni utingo.

Bi Mkubwa wa Mji wa Kale
Marahaba. Na aliyemchagua utingo huyo ni nani?

Kijana wa Bamburi
Mnamtisha mzee bure. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2022, bangi kidogo ya kuvuta mwenyewe si kosa tena.

Karani Mstaafu
Mwanangu wa Bamburi, usimpotoshe mtu aliye na kesi kesho asubuhi. Ni kosa, na ni la jinai. Kilichobadilika ni adhabu. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 ilitaja kifungo cha hadi miaka 10 kwa bangi ya matumizi ya mtu mwenyewe, na marekebisho ya 2022 yakaishusha hadi kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini nafuu hiyo ina mtego wake, kwa kuwa anayeitaka ndiye anayepaswa kuiridhisha mahakama kwamba bangi ilikuwa ya kuvuta yeye mwenyewe, na huwezi kusema hivyo huku unasema hukuijua.

Nimekaa mahakamani miaka mingi nikiandika majibu ya washtakiwa. Anayekana huwalazimu upande wa mashtaka kuleta ripoti ya Mkemia wa Serikali na kuthibitisha kwamba alijua kilichomo garini, na si jambo jepesi pale ambapo watu watatu wamekaa na kitu kiko mlangoni kwa mmoja. Anayekubali hufunga mlango huo, kwani rufaa yake baadaye haiwezi kugusa hatia, bali ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Kukana hakumaanishi kubaki ndani, kwa maana dhamana ni haki iliyomo katika Kifungu cha 49 cha Katiba, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kuizuia.

Kijana wa Bamburi
Basi hata mimi sikusema wavute.

Mswahili wa Columbus
Naandika kutoka Ohio, Marekani, lakini kwetu ni Likoni. Mwaka 2014 nilisimamishwa barabarani usiku kwa sababu ya taa ya nyuma, askari akanusa, akapata gramu chache. Hakunifunga pingu wala hakuniteremsha. Alinipa tiketi, akanitakia usiku mwema. Katika jimbo hilo, wakati ule, chini ya gramu 100 ilikuwa kosa dogo kabisa lisilo na kifungo, na faini yake haikuzidi dola 150. Nilifika mahakamani, nikakiri, nikalipa, na shughuli nzima haikumaliza dakika tano. Leseni ilisimamishwa miezi sita, nikapanda basi kwenda kazini wakati wa theluji, nikadhani hiyo ndiyo adhabu.

Mwaka 2017 baba yangu alifariki. Nilikuwa na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, na tiketi ya ndege mkononi, ila rafiki akanisihi nimwone kwanza wakili wa uhamiaji. Wakili alinieleza kwamba kwa sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, kosa moja tu la bangi isiyozidi gramu 30 ya matumizi yangu halinifukuzishi nikiwa ndani ya nchi, lakini nikitoka na kutaka kurudi naweza kuzuiwa mlangoni kwa kosa lile lile, kisha nianze kuomba msamaha ambao si lazima upewe. Nilikuwa na watoto wawili huku. Niliyatazama maziko ya mzee kwenye simu aliyoishika binamu yangu, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka kiasi kwamba muda mwingi niliona mchanga na viatu vya watu.

Novemba 2023 wapiga kura wa Ohio waliihalalisha bangi kwa watu wazima. Sheria ya shirikisho haikufuata.

Abu Tuktuk
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana, ndugu. Je, ukifutiwa kumbukumbu huwezi kusafiri?

Mswahili wa Columbus
Jimbo linaweza kuzifuta, lakini watu wa uhamiaji huendelea kuiona hukumu. Niliishauliza.

Mamake Swabra
Mimi nasema dawa ni kutompa mtu lifti, hata awe shemeji.

Fundi Magari, Changamwe
Lifti mpeni, ila mpekueni. Mimi gari likija gereji natoa vitu vya ajabu chini ya viti, na wenyewe huapa hawavijui.

Abu Tuktuk
Mzee, ulizia pia kama kijana ameongezwa shtaka la kuendesha akiwa amelewa, maana hilo ni la sheria ya trafiki, nalo lina faini ya hadi 100,000 au miaka miwili, na leseni huondoka.

Bi Mkubwa wa Mji wa Kale
Mjomba, misokoto ilikuwa mlango wa upande gani? Umesema wa abiria?

Mjomba wa Kisauni
Wa abiria, Bi Mkubwa. Sasa ni alfajiri ya Jumatatu na ndiyo kwanza nimemaliza kuyasoma haya yote. Mpwa wangu ana mkataba wa meli unaomsubiri, na cheti cha mwenendo mwema bado hajakichukua. Dada amekwisha kutoa kitambulisho chake cha kudhamini. Simu ya kijana ilichukuliwa kule ndani, kwa hiyo bado anajua kwamba nimemwambia akubali. Natoka sasa hivi, nimfikie kabla jina lake halijaitwa.