Tupeane uzoefu: msimu wa kwanza wa timu changa ya roboti

Mwanzisha mada
Ndugu wanachama, timu yetu ya wanafunzi inaingia kwa mara ya kwanza katika FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti zinazojengwa na wanafunzi, na kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kuipita njia hiyo, naomba kila mmoja aeleze lile lililomfunza zaidi katika msimu wake wa kwanza. Kanuni tumezisoma: roboti inapoanza mechi isizidi inchi 18 kwa urefu, upana na kimo, na katika sekunde 30 za mwanzo hujiendesha yenyewe kabla madereva hawajaishika kwa dakika mbili zinazofuata. Tunayoyatafuta ni yale ambayo hayamo katika kanuni.

Mwalimu mlezi
Anzeni na magurudumu. Wanafunzi wangu walitamani mkono wa kunyanyulia kabla hata fremu haijatembea, nami nikakataa mpaka roboti iweze kwenda, kugeuka na kusimama bila matatizo. Tulifika mashindanoni tukiwa na roboti inayojua kazi moja tu, yaani kusukuma vifaa vya mchezo hadi eneo la alama, lakini kazi hiyo iliifanya mechi baada ya mechi. Manahodha wa timu zilizoongoza walipoanza kuchagua timu za kushirikiana nazo katika mechi za mtoano, tulichaguliwa mbele ya timu zilizokuwa na mikono ya kupendeza ambayo haikuacha kukwama.

Mwandishi wa programu
Mimi nitazungumzia zile sekunde 30. Timu nyingi changa huandika programu inayoiamuru roboti iende mbele kwa sekunde kadhaa kisha isimame, na nyumbani hufanya kazi vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba betri ya volti 12 iliyojaa huzungusha mota kwa kasi kuliko betri iliyokwisha kutumika, kwa hiyo muda uleule huifikisha roboti mahali tofauti kila mechi. Yetu ilipita mstari asubuhi, na mchana ikaishia njiani. Dawa yake ni enkoda, kifaa kinachohesabu mizunguko ya mota, ili programu ipime umbali badala ya muda. Hata hivyo enkoda haijui kama gurudumu limeteleza, na magurudumu ya mekanamu, yale yanayoiwezesha roboti kwenda ubavu, huteleza sana uzito usipogawanywa sawasawa. Kwa maoni yangu, programu fupi inayoleta alama chache kila mara ina thamani kuliko ndefu inayofaulu kwa bahati.

Dereva wa zamani
Shikamoo mwalimu. Kuhusu magurudumu nakubaliana nawe, lakini naomba kutofautiana kuhusu mkono. Sisi tulijenga mkono mgumu kuliko uwezo wetu, ukatuangusha mashindano yote, na bado ndio uliotufundisha uwiano wa gia na kwa nini mota yenye kasi hushindwa kubeba mzigo. Kama lengo la msimu wa kwanza ni kujifunza, wacheni wanafunzi wajaribu, ila mkono ufungwe kwa namna ya kuweza kuondolewa usiku wa kuamkia mashindano.

Fundi wa nyaya
Roboti ikizimika katikati ya uwanja, kila mtu humgeukia mwandishi wa programu. Kagueni nyaya kwanza. Kiunganishi cha betri kilicholegea hukatika kwa pigo dogo tu, na kidhibiti, yaani kompyuta ndogo iliyomo ndani ya roboti, kikizimika huchukua muda kuwaka tena, muda ambao mechi haiurudishi. Yako pia makosa yasiyoonekana: uwanja hutandikwa vigae laini vya sponji, magurudumu yakivisugua hukusanya umeme tuli, na umeme huo ukipasukia kwenye kidhibiti unaweza kukata mawasiliano. Fungeni kila waya mahali pake, na kidhibiti kisigusane na chuma cha fremu. Skrubu za kubana ekseli nazo zikazwe baada ya kila mechi, kwa maana mtikisiko huzilegeza.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Na kwa majaji, wale wanaoihoji timu kuhusu kazi yake, je?

Mwalimu mlezi
Majaji huuliza kwa nini mlichagua hivi na si vile. Wekeni kumbukumbu tangu wiki ya kwanza, pamoja na michoro iliyoachwa na picha za sehemu zilizovunjika, kwa sababu jalada la uhandisi, yaani maelezo ya kazi yenu mnayowapa majaji, lina kikomo cha kurasa, na ni rahisi kupunguza kilichopo kuliko kubuni kisichokumbukwa. Tena, wazungumze wanafunzi wenyewe. Sisi walezi tubaki nje ya chumba cha mahojiano.