"Rudi ukachemshe maji." Mimi wa kuambiwa hivyo?

Wakuu, naandika vidole vinanata kwenye simu. Yule bwana mnamjua, msijifanye. Yule wa video, aproni nyeupe pee, "hatua tatu tu wapendwa", halafu anainua bata wa sukari anang'aa kama kioo.

Tangu asubuhi nimesimama jikoni. Sufuria ya kwanza ikarudi chenga, nyeupe, kama vile sikuyeyusha kitu. Ya pili ikatoa moshi mpaka paka akahama nyumba. Ya tatu nikapata bata! Kengeza kidogo, lakini bata. Kufika jioni shingo imelala, kanata kwenye sahani. Nikamtumia picha, kwa adabu zote: kaka, nimekosea wapi? Akajibu mbele za watu: "Hiyo ni gundi. Rudi ukachemshe maji kwanza."

Maji! Mimi mwenye malengelenge mawili ya shira mkononi, nikachemshe maji! Na vikatuni vya kucheka akaweka. Vinne, nimevihesabu.

MwikoMrefu: Pole mkuu. Ulikoroga ilipoanza kuchemka?

Mleta mada: Kidogo tu.

MwikoMrefu: Ndiyo hizo chenga zako. Ikichemka, mkono mfukoni. Tia matone ya limau mapema, kingo za sufuria zipitishe brashi yenye maji, subiri nyuzi 150.

Mleta mada: Sijaja darasani, nimekuja kulalamika. Kasema NIKACHEMSHE MAJI.

BibiKaramu: Shingo kulala ni unyevu huo. Sukari inaunywa kutoka hewani. Bata unamfungia kwenye kopo lisilopitisha hewa, humwachi mezani akipunga upepo.

Kitukuu: Picha tafadhali.

Kitukuu: Nimeiona. Mkuu, hiyo ni soksi.

Nyuzi110: Wewe umetukanwa bure, shukuru. Mimi nimeuziwa kipimajoto kinachoishia nyuzi 110. Nakisubiri kifike 150, kikapasukia ndani ya shira. Vioo kila mahali, sukari yote jalalani. Na muuzaji ananiuliza kama nilisoma maelezo!

Mleta mada: Jamani, mada ni yule bwana.

SinaHaya: Bora nyie. Mimi niliambiwa sukari ni ya wanagenzi, ninunue isomalti, ile mbadala wa sukari, haigeuki njano. Kweli haikugeuka. Waridi sita, safi kama maji. Nikaona nisizitupe, nikazila zote. Usiku huo nililala chooni.

Kitukuu: Waridi SITA?

BibiKaramu: Isomalti inaharisha ikizidi, mwanangu. Hukuambiwa?

SinaHaya: Na nani? Yule yule wa aproni!

Mleta mada: Mnaona sasa! Haya, na hii sufuria imeganda kama saruji, naitoaje?

MwikoMrefu: Jaza maji, uyachemshe.

Nyuzi110: 😂😂😂😂

Mleta mada: Modi, funga uzi.

Kitukuu: Usifunge kwanza. SinaHaya, chooni ulitoka saa ngapi?