Zahanati ya gereza: dawa zinapotelea wapi kati ya dirishani na selo?

TabibuMgeni
Wakuu heshima zenu. Mimi ni tabibu, nimehamishiwa zahanati ya gereza moja la wilaya hapa Tanzania, nina miezi minne tu. Nilikotoka ni kituo cha afya cha kawaida, mgonjwa unampa dawa zake anaondoka nazo yameisha, akinywa asinywe ni yeye na mkewe. Huku nimekuta mambo mengine kabisa.

Tupo wawili, mimi na nesi, watu ndani mia tatu na ushee, wafungwa na mahabusu wamechanganyika. Asubuhi tunatoa dawa dirishani. Za jioni ndo shida, maana selo zikishafungwa saa kumi hakuna wa kukufungulia kwa ajili ya kidonge, kwahiyo utaratibu niliokuta ni kukunja dawa kwenye vikaratasi, unaandika jina, unampa nyapara (mfungwa kiongozi) wa kila selo akagawe. Nikaona mbona inaenda tu. Wiki iliyopita nikasema ngoja nihesabu diazepamu (za kutuliza na usingizi) za miligramu 5, leja inasema 212, kabatini nakuta 171. Nimehesabu mara tatu jamani. 41 hazipo na kila ninayemuuliza anaangalia dari.

Nesi anasema tuandike zimelowa maji tukaanza upya. Mkuu wa gereza, ambaye kusema ukweli ni mtu muungwana, kakasirika anataka dawa ZOTE zihamie kwa afande wa zamu getini, hadi inhela ya pumu, mgonjwa akizidiwa aite. Mi hilo ndo linaninyima usingizi kuliko hata zile 41. Na juzi kijana mmoja wa kifafa kaanguka ndani ya karandinga wakitoka mahakamani, kumbe kila siku ya kesi anaondoka alfajiri kabla dirisha halijafunguliwa, hanywi. Wenye uzoefu nisaidieni, naanzia wapi?

SistaMstaafu
Mwanangu pole na hongera kwa kuhesabu, wengi hawahesabu mpaka waje wakaguzi. Nimefanya zahanati za magereza miaka 19, mengi uliyoyasema nimeyapitia.

Kwanza mwambie nesi hapana. Usiandike zimelowa. Andika 41 hazipo, sababu haijajulikana, tarehe, saa, sahihi yako na yake, umpelekee mkuu naye asaini. Ukidanganya leja mara moja umempa mwizi risiti, mwezi ujao zitalowa nyingine.

Pili, shida ya mkuu wako ni kwamba anaona dawa zote ni kitu kimoja. Sisi tulikuwa tunazigawa mafungu mawili. Kuna ambazo mgonjwa anakaa nazo mwenyewe, inhela ndo ya kwanza, mtu wa pumu usiku hana muda wa kuita afande ambaye naye anatafuta funguo ambaye naye anaogopa kufungua selo peke yake. Na za presha za siku chache, mafuta ya fangasi, vitu vya namna hiyo ambavyo hata akimpa mwenzie hakuna anayelewa. Halafu kuna ambazo hazitoki mkononi mwako mpaka umeona zimemezwa: diazepamu, fenobabitoni ya kifafa, amitriptilini ya sonona, zile ateni (Artane) wanazopewa wagonjwa wa akili, tramado ya maumivu kama mnayo, na dawa za TB. TB siyo kwamba wataiuza, ni kwamba akinywa nusunusu ndani ya selo ya watu sitini anakutengenezea TB sugu, na wewe mwenyewe unapumua hewa hiyohiyo.

Sasa fungu la pili usilipeleke jioni kama kuna njia. Kaa na mfamasia au daktari wa wilaya mpitie faili moja moja, nyingi zinaweza kunywewa mara moja kwa siku ukaziingiza asubuhi dirishani, fenobabitoni inakaa mwilini muda mrefu. Wagonjwa wa akili wengine wanafaa kuchomwa sindano ya mwezi badala ya vidonge, sindano haifichwi shavuni. Ukimaliza hapo utashangaa waliobaki wa jioni ni watu nane tu, na hao wapate dawa saa tisa na nusu pale wanapopanga foleni kabla ya kufungiwa, uende mwenyewe. Nyapara asiguse kidonge, hata awe mlokole.

Stoo_Kuu
Naunga mkono sista, mimi ni mfamasia. Naongezea la stoo. Hizo za hatari ziwe na kabati lake ndani ya kabati, funguo mbili watu wawili, na zihesabiwe KILA kukabidhiana zamu siyo kila mwezi. 41 ukizigundua leo hujui zimeondoka kwa wiki ngapi, ungekuwa unahesabu kila zamu ungejua ni Jumanne mchana na ungejua nani alikuwepo. Kikidondoka kidonge kimoja kikakanyagwa kiandikwe na mtu wa pili asaini.

Na acheni hivyo vikaratasi!! Dawa ikishatoka kwenye pakiti yake haina jina wala tarehe, vidonge vyeupe vya duara viko aina ishirini. Ikitoka ktk pakiti iende kwenye kiganja cha mgonjwa mbele ya faili lake basi. Na usimuulize "wewe ndo Juma Hamisi?" maana atasema ndio, ukiwa na akina Juma Hamisi wanne humo ndani wote ni ndio. Muulize unaitwa nani, baba yako nani, namba yako ngapi.

Kisiki77
Mnazunguka sana. Saga vidonge vyote changanya na maji anywe mbele yako, mchezo umeisha

Stoo_Kuu
@Kisiki77 mkuu hapana, hii ndo ushauri unaoua watu. Zipo dawa zimetengenezwa zitoke taratibu mwilini kwa masaa, mfano nifedipini ya retadi, ukiisaga inaingia yote kwa mpigo presha inaporomoka mtu anaanguka hapohapo foleni. Za kifafa kama valproeti nyingi zina ganda maalum, kabamazepini za kutoka polepole nazo hivyohivyo. Baadhi zinasagika ndio, lakini unauliza kwanza dawa moja moja. Yote yote hapana.

NilikuwaHumo
Ngoja niseme upande wa pili. Nimekaa mahabusu mwaka na miezi saba, kesi ikafutwa. Sitaji wapi.

Kidonge ndani ni hela. Mnapoona mtu anaficha msidhani wote ni walevi, mwingine ana deni la sigara, mwingine anaamriwa na mababe wa selo, asipotoka na kile kidonge usiku halali. Mimi nililala jirani na mzee mmoja anapewa vidonge vya usingizi, alivimeza mara ya mwisho sijui lini, vilikuwa vinachukuliwa mlangoni kama kodi. Zahanati wanamwandikia anaendelea vizuri. Sasa wewe tabibu ukimshika na kidonge shavuni ukamuadhibu mbele za watu umemuadhibu aliyenyang'anywa. Muite pembeni kwanza. Na dirisha lenu wekeni mbali na foleni, mi nilikuwa najua magonjwa ya selo nzima kwa kusikia tu, nesi anapaza sauti "za ARV sogeeni huku", hivi nani atasogea? Kuna watu waliacha kwa aibu tu.

Lingine, mkimkagua mtu mdomo msimkague kama mwizi. Yule nesi mzuri kwetu alikuwa anakupa maji kikombe kizima halafu anakupigisha stori, umelalaje, watoto wamekuja Jumapili, huwezi kujibu vizuri na kidonge chini ya ulimi. Tulijua anachofanya lakini hatukuchukia.

Likoni_Boy
Hapo kwa stori umeua 😂 huku Mombasa kwa metadoni (dawa wanayopewa waraibu wa heroini badala ya heroini) ni vivyo hivyo. Sisi tuko nje ya jela lakini wateja wetu wengi huingia na kutoka, na gereza la Shimo la Tewa kuna kliniki ya metadoni ndani kabisa kwa hivyo mtu akishikwa haachi dawa. Ni ya maji, anainywa mbele yako mara moja kwa siku, anakunywa maji juu yake, anaongea, anaenda.

Kitu watu wa jela husahau ni hii: mtu akikosa siku tatu mfululizo usimpe kipimo kilekile alichoacha nacho. Mwili ushapoa, unaweza kumuua na dawa yake mwenyewe. Lazima aangaliwe upya. Na akitoka huru ndio hatari zaidi, anarudi maskani anajidunga kile alichokuwa akijidunga kabla kushikwa. Kwa hivyo siku ya kutoka ni siku ya kliniki pia, siyo ya geti peke yake.

SistaMstaafu
Ahsante mwanangu wa Mombasa, umenikumbusha mahakama. TabibuMgeni, huyo kijana wa kifafa ni kosa la utaratibu siyo lake. Kila jioni omba orodha ya wanaokwenda kesi kesho, ofisi ya mapokezi wanayo. Wa TB, ARV, kifafa na kisukari waliomo uwatoe kwanza, saa kumi na moja alfajiri kabla ya karandinga, na wa kisukari asichomwe insulini kama huna hakika atakula, atazimika korokoroni mahakamani watasema analeta maigizo. Na kumbuka mahabusu akienda kesi anaweza asirudi, kaachiwa. Nilikuwa nawaandikia barua ya rufaa mapema inakaa kwenye faili, wa TB anaondoka nayo mfukoni kila siku ya kesi. Wengine waliichekea hiyo barua, lakini nimewahi kupigiwa simu na kituo cha mbali sana, sista mgonjwa wako yuko hapa na karatasi yako imekunjamana.

Kuhusu mkuu kutaka dawa ziende getini, mweleze kwa heshima kwamba Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa kuhusu kuwatendea wafungwa, 2015, kanuni ya 27, zinasema uamuzi wa kitabibu ni wa mtu wa afya na asiye wa afya hawezi kuupangua. Tena hata dawa anazoingia nazo mfungwa, kanuni ya 67 inasema ni daktari au mtaalamu wa afya ndiye aamue zifanyweje, na vinavyoletwa kutoka nje, kama dawa za ndugu getini, ni hivyohivyo. Ila usiende na kanuni mkononi kama wakili. Nenda na ile inhela.

NilikuwaHumo
Za ndugu getini hapo sista umegusa. Mama yangu alileta dawa zangu za presha mara mbili, nilizipata siku natoka, zilikuwa droo ya meza.

TabibuMgeni
Wakuu nimerudi. Nimekaa na mkuu jana. Nilienda na inhela kweli, nikamuomba apande ngazi za mnara mbio arudi halafu aniambie angependa dawa ikae wapi. Alicheka, hakupanda, ila inhela zimebaki kwa wenyewe. Kabati la ndani fundi analeta Ijumaa (mfungwa seremala, ndio najua, kufuli nitanunua mwenyewe nje). Waliobaki wa jioni baada ya kupitia mafaili ni kumi na mmoja, siyo nane sista 😅 nesi anakwenda nao saa tisa na nusu. Manyapara wawili wamenuna, mmoja haniamkii tena, nimeanza kupata picha.

Kijana wa kifafa leo kaenda kesi kashanywa.

Na zile 41 nimeziandika. Nesi alisaini wa mwisho, alishika kalamu muda mrefu sana.

SistaMstaafu
Huyo nesi usimwache peke yake na funguo wiki hii, na usimseme kwa mtu. Hesabu tena kesho asubuhi.