Ukuta wa majiwe wa miaka 3500: wanajuaje umri wake kama jiwe haina tarehe?

Mtoto_wa_Birere

Jambo wote. Yaya wangu anafanya kazi Plymouth, kule kusini-magharibi ya Uingereza, na wikendi wanaendaka kutembea na watu wa parokia yao mu milima moja inaitwa Dartmoor. Ni wazi kabisa, hakuna miti, ni majani na upepo na kondoo basi. Sasa ananitumiaka mafoto ku WhatsApp ya majiwe yamepangwa mstari mrefuuu, yanapanda mlima, yanashuka mu bonde, yanafika ku mto halafu ngambo ya pili yanaendelea tu kama vile mto haikuwepo. Mengi yamefunikwa na majani, ukiangalia mbiombio unaona paka ka mgongo ka udongo, hata ku magoti haifiki. Anasema ni mipaka ya mashamba ya watu wa zamani sana, zama za bronzi, miaka kama 3500 hivi.

Mimi nikamuuliza swali moja tu, akashindwa: wanajuaje? Siye wa Goma majiwe tunaishi nayo, klotire yetu ni majiwe ya volkano, ya jirani pia, na ukiniletea jiwe moja ya kwetu na moja ya kwake siwezi kukuambia gani ilijengwa mwaka gani. Mtu anaweza kuokota jiwe ya miaka milioni akajenga nayo ukuta jana. Tena kule wamechunga kondoo karne na karne, si inaweza kuwa kuta za babu zao wa juzi tu? Na hata kama ni ya zamani, nani alisema ilikuwa shamba? Mu foto zingine kuna maduara ya majiwe, zingine majiwe yamelundikwa mafungu mafungu, mimi nilifikiri ni makaburi.

Mwenye anajua anifafanulie. Wale wa "enda Google" mupite pembeni kidogo, tafadhali.

Masoni_Himbi

Mudogo, jiwe haina tarehe, hapo tuko pamoja. Lakini ukuta inakuwaka na chini yake na juu yake, na hapo njo tarehe inajificha.

Mimi ni masoni, klotire nimejenga nyingi hapa mjini. Wewe wa Birere unajua lave ya 2002 ilipita wapi. Kama ukuta inasimama juu ya ile lave hauna haja ya kuuliza mwenye parseli, ilijengwa kisha ya tarehe 17 januari 2002, hata akuapie kwa mama yake kama ni ya wakati wa Wabelgiji. Na kama lave imeukumbatia ukuta, imefunika mulango nusu, ule ukuta ulikuwako mbele. Kuna fondasyo moja tulichimba mu katikati ya mji, tukavunja lave siku nzima na masasu, tukatokea ku kichwa ya ukuta wa zamani wamesimama wima, simenti ingali mu majiwe, na udongo wa pembeni yake umeiva na moto, mwekundu. Hakuna mtu alituambia kitu, lakini kila mtu mu shimo alijua gani ilitangulia.

Kitu kingine, angalia pale kuta mbili zinakutana. Kama zilijengwa pamoja zinaingiliana meno, jiwe ya huku inaingia kule. Kama moja imekuja tu kuegemea ingine bila meno, ile yenye imeegemea njo ya nyuma. Hiyo ni masoni wa popote, hata wa miaka 3500. Mengine nawaachia maprof.

Prof_Kadutu (Bukavu)

Masoni amesema karibu yote, mimi naongeza tu mambo ya kule kwenyewe.

Hizo kuta ndefu za Dartmoor wenyeji wanaziita rivu. Mu karne ya 19 kuna waliozichukua kuwa barabara za kale, na ukiona ile inayoitwa Great Western Reave, zaidi ya kilomita 10, huwezi kuwalaumu sana. Aliyebadilisha mambo ni Andrew Fleming, archeologue, kuanzia miaka ya 1970. Yeye aliacha kuangalia ukuta moja moja akazifuata zote kwa miguu, akaona ni mpango: mistari sambamba mingi inaelekea upande mmoja, halafu juu mlimani kuna ukuta unaokata mbele yao wote, kule nyuma yake ni malisho ya wazi. Mpango mmoja peke yake, ule wa Rippon Tor, unafunika zaidi ya hekta 3000. Hilo la kuvuka mto ambalo yaya wako aliliona njo alama yenyewe: aliyechora mstari hakujali bonde, alishika mwelekeo akaendelea.

Sasa umri. Kwanza wanaangalia nini inakata nini. Dartmoor ilikuwa na wachimbaji wa bati, walichimba karne nyingi, na kuna sehemu mashimo yao yamekata rivu katikati, kwa hiyo rivu ilikuwako kabla ya hao. Pale Holne Moor wakulima wa karne za kati walirudi kulima na mashamba yao yamekaa juu ya yale ya zamani, wakitumia kuta walizozikuta. Kuta za wachungaji wa karne za nyuma hizi nazo ziko, mtoto wa Birere hakukosea, lakini hizo ni ndefu kwa kimo, zimesimama, na mara nyingi utaziona zimepanda juu ya mgongo wa rivu ju majiwe tayari yalikuwa pale, nani angebeba mengine?

Hiyo inakupa tu nani mkubwa nani mdogo. Ili kupata miaka walipaswa kuchimba. Shaugh Moor walichimba tangu 1976 hadi 1980, na Holne Moor Fleming mwenyewe alichimba. Chini ya ukuta na pembeni yake wakapata makaa, wakayapima kwa kaboni 14 (ile inapungua polepole mu kitu kilichokufa, ukipima iliyobaki unajua miaka), wakafika kwenye karne ya 16 na ya 17 kabla ya Kristo. Na chini ya majiwe ya Holne Moor kulikuwa na vishimo vidogo vya miti, yaani mbele ya ukuta kulikuwa seng'enge ya mbao, mpaka ulikuwako kabla ya jiwe la kwanza. Shaugh Moor ndani ya mfereji wa pembeni ya ukuta walikuta nyayo za kwato za wanyama zimebaki mu matope, kwato kabisa. Mifupa yenyewe hakuna. Udongo wa granite una asidi, unakula mifupa yote.

Halafu usikilize hii ya Ireland. Mu miaka ya 1930 mwalimu mmoja wa kijiji, Patrick Caulfield, alikuwa akikata turbu ya kuwasha moto huko Mayo. Turbu ni ule udongo mweusi wa majani yasiyooza, watu wa Bukavu mnaujua, ngambo ya Rusizi pale Gishoma Wanyarwanda walijengea santrale ya umeme. Akaona chini kabisa, ambapo turbu inaisha na udongo wa kawaida unaanza, kuna majiwe yamepangwa. Turbu inakua polepole sana, mahali pengine pale imefika mita 4, sasa mtu aliyepanga majiwe chini yake alikuja lini? Mtoto wake Seamas akasoma archeologie akarudi na fimbo ya chuma: unasukuma, ikigonga jiwe unaweka alama, unasogea. Bila kuchimba wakachora kuta kilomita na kilomita. Panaitwa Céide Fields. Wengi wanasema ni miaka zaidi ya 5000, kuna wengine wanabisha kwamba ni ya zama za bronzi, na bado wanagombana.

Furaha_Agro (Walungu)

Mimi nijibu ile ya shamba na makaburi, ju kila mtu anaikimbilia ile ya tarehe.

Yale mafungu ya majiwe, mengi si kaburi. Mtu yeyote alilima mahali pa majiwe anajua: unaokota, unatupa pembeni, mwaka kesho udongo unatoa mengine, fungu linakua. Kaburi huwa limepangwa, lina ukingo, pengine sanduku la majiwe katikati. Fungu la shamba limetupwa ovyo, majiwe madogo madogo, na hayako peke yake, yako mengi yametawanyika mahali pamoja. Lakini huwezi kuapa mpaka uchimbe, ju kuna watu walizika mu fungu la shamba pia.

Alama ingine ni udongo. Ukilima ku mteremko, udongo unashuka, unazuiliwa na ukuta wa chini. Kisha ya miaka mingi upande wa juu wa ukuta udongo umejaa, upande wa chini umekwisha, kunakuwa ngazi. Kama hakuna hiyo ngazi basi jembe halikupita sana pale. Na wanachukua mavumbi ya maua, poleni, yanayobaki mu turbu na mu udongo wa chini ya ukuta, wanayahesabu ku mikroskopi: hii ni majani ya malisho, hii ni nafaka, hii ni miti. Na kwa Dartmoor poleni inaonyesha majani ya malisho mengi na nafaka kidogo tu. Kwa hiyo tukisema "mashamba" msifikirie mahindi na maharagi, zaidi ni ng'ombe na kondoo. Maduara ni misingi ya nyumba, ziko karibu 5000 mu Dartmoor, juu kulikuwa paa la miti na majani.

Mimi kitu kinanisumbua ni kingine. Fleming alisema mpango mkubwa vile hauwezi kufanywa na familia moja moja, lazima jamii nzima ilikaa ikakubaliana. Wengine wakajibu hapana, ilikua kipande kipande, baba alijenga mstari, mtoto akaufuata sambamba, mjukuu akaongeza, mwishowe inaonekana kama kuna mtu alichora yote siku moja. Mimi niko na hawa wa pili, lakini si asilimia mia. Hapa Bushi mtu anapata shamba kwa kalinzi, yaani malipo ya kupewa ardhi, kutoka kwa mwami ao kwa mkubwa wa kijiji, mpaka unaonekana wazi kabisa, lakini ukiuliza "ardhi ni ya nani" unapata majibu matatu na yote ni ya kweli. Sasa archeologue anaona ukuta anasema hapa ndipo mali ya mtu ilianza. Ukuta unaonyesha mahali ng'ombe alisimamishwa. Nani alikuwa na haki ya kumsimamisha, majiwe hayatakuambia.

Mwana_Lushi

Minasoma minacheka, mnakubali mbio sana. Batu ya kusoma majiwe wamekosea mara mingi. Angalia Nyanga kule Zimbabwe, kuna mashimo yamejengwa na majiwe vizuri na ka njia kafupi ka kupita chini, wazungu wa kikoloni wakaita "mashimo ya watumwa", wakaandika hivyo miaka mingi. Sasa inajulikana ilikuwa vibanda ya kulalisha ng'ombe wadogo wadogo. Hakuna mtumwa hata moja.

Na Engaruka, Tanzania. Louis Leakey, archeologue, alifika mwaka 1935, akaona majiwe yote ile akasema ni mji munene wa batu maelfu na maelfu. Kisha wengine wakaja wakaangalia muzuri, ile ilikuwa mashamba, viploti vya majiwe na mifereji ya maji inatoka ku mlima, kilomita mraba kama 20, batu wenyewe walikaa mu vijiji vya pembeni tu. Waliiacha mu karne ya 18. Jiwe ni ile ile, macho njo ilibadilika. Sasa mimi miniulize, nani anajua kesho watasema nini na hizi rivu?

Prof_Kadutu

Lushi, lakini mifano yako yote miwili ilirekebishwa na watu walewale wa kusoma majiwe. Walirudi, wakachimba, wakapima. Aliyesema "watumwa" hakuchimba kitu.

Mtoto_wa_Birere

Merci sana, nimesoma yote mara mbili. Halafu nimeangalia, ule mlima wao mkubwa kabisa mu Dartmoor ni mita 621 😂 ziwa letu tu liko mita 1460, wangekuja kuona mlima. Yaya anasema baridi yake lakini hapana ya kuchezea.

Swali ya mwisho: haiwezi kuwa ni ya kuzuia nyama za pori? Ju huku ku volkano kuna ule ukuta wa majiwe wa kuzuia mbogo asiingie mu mashamba ya watu.

Furaha_Agro

Ukuta wa mbogo unafuata ukingo wa pori, upande moja wanyama upande ingine watu, basi. Rivu ziko mistari na mistari sambamba ndani ya ardhi yenyewe, mbogo gani anahitaji kuta kumi? Ule wa juu kabisa, wa kukata mbele ya malisho, huo ungeweza kuzuia wanyama, lakini nafikiri ni ng'ombe wao wenyewe. Na kwa kimo chake cha sasa hauzuii hata mbuzi, kwa hiyo ama ulikuwa na miiba juu ama miti imepandwa, ama umebomoka sana.

Masoni_Himbi

Mwambie yaya akirudi aende asubuhi mapema ao jioni, jua ikiwa chini, kivuli inatoa migongo yote yenye saa sita hauioni. Asipige foto ya ukuta katikati, apige pale mbili zinakutana, karibu, tuone meno. Na asitoe jiwe hata moja, kule nyingi ya ile majiwe inalindwa na sheria. Atume hapa.