Mjadala: Je, misamaha ya kodi kwa wawekezaji wa nje inayaumiza majiji ya nchi zinazoendelea?

Mtoa hoja

Hoja ninayoileta ni kwamba serikali za nchi zinazoendelea ziache kuwapa wawekezaji wa nje misamaha ya kodi ya miaka mingi, kwa sababu misamaha hiyo huyanyima majiji fedha za kubeba mzigo ambao uwekezaji wenyewe huyaletea. Sipingi viwanda wala biashara ya kimataifa. Ninachopinga ni mpango ambao faida husafiri nje huku gharama ikiachiwa jiji.

Kiwanda cha nguo kinapofunguliwa huvuta maelfu ya watu kutoka vijijini, na kila mmoja wao anahitaji chumba, maji, choo, usafiri wa alfajiri, na baada ya miaka michache darasa la mtoto. Mahitaji hayo yote huiangukia halmashauri ya jiji, ambayo kwa kawaida si yenyewe iliyotia saini mkataba na mwekezaji, na ambayo mara nyingi haikusanyi chochote ndani ya uzio wa eneo maalumu la kiuchumi, yaani eneo lililotengewa wawekezaji kwa masharti nafuu. Tunaambiwa kwamba mishahara itazunguka mjini na kumwinua kila mtu, lakini vyumba visipoongezeka, sehemu kubwa ya mshahara huishia kwa mwenye nyumba, na kodi ya pango huwapandia hata wale ambao hawajawahi kukanyaga kiwandani.

Hawassa, kusini mwa Ethiopia, ni mfano ulio wazi. Kongani ya viwanda ilifunguliwa huko mwaka 2016 na kuwavuta wasichana wengi wa vijijini, katika nchi ambayo sekta binafsi haikuwa na kima cha chini cha mshahara kisheria. Walipanga chumba kimoja watu kadhaa, na wengi waliacha kazi baada ya muda mfupi kwa kuwa malipo hayakutosha kuishi mjini. Kisha, kutokana na vita vya Tigray, Marekani iliiondoa Ethiopia kwenye AGOA, mpango wake wa biashara na Afrika, kuanzia tarehe 1 Januari 2022, na nguo zilizokuwa zikiingia soko la Marekani bila ushuru zikapoteza nafuu hiyo. Jiji lililokuwa limepanuka kwa ajili ya oda za mbali halikuwa na sauti yoyote katika uamuzi huo.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa hoja, umechagua mfano unaokufaa na kuuacha unaokusumbua. Shenzhen ilifanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980 ikiwa na watu wapatao 300,000, ikawatoza wawekezaji kodi ndogo kuliko iliyotozwa kwingineko nchini China, na sensa ya mwaka 2020 ikahesabu huko zaidi ya watu milioni 17. Bangladesh nayo hupata zaidi ya asilimia 80 ya mapato yake ya mauzo ya nje kutokana na nguo, na viwanda hivyo vimeajiri takriban watu milioni 4, wengi wao wanawake. Mwanamke anayepokea mshahara wake mwenyewe anaweza kuahirisha ndoa, kumsomesha mdogo wake na kusikilizwa nyumbani, na sioni halmashauri yoyote ambayo ingempa hayo kwa kukusanya kodi. Mwekezaji ana nchi nyingi za kuchagua. Ukimtoza kodi kamili tangu siku ya kwanza atakwenda kwa jirani, na jiji litakosa kodi na ajira kwa pamoja.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze jambo ambalo nyote wawili mmelipita, nalo ni kwamba mwekezaji anaweza kuudhoofisha mji hata asipoleta mtu mpya. Katika Ukanda wa Shaba nchini Zambia, kampuni ya migodi ya serikali, ZCCM, ilimiliki nyumba za wachimbaji, iliendesha hospitali na hata kuzoa taka. Migodi ilipouzwa vipande vipande kati ya mwaka 1997 na 2000, wanunuzi wengi hawakuwa na haja ya kuendesha mji, nyumba zikauzwa kwa waliokuwa wakiishi humo, na huduma nyingi zikaachiwa mabaraza ya miji yasiyokuwa na mapato ya kuziendesha. Mgodi wa Luanshya, uliouzwa mwaka 1997, uliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni mwaka 2000. Kwa hiyo tusitazame kodi peke yake. Tuulize pia nani anakabidhiwa maji na taka pale mkataba unapobadilisha mwenye mali.

Mtoa hoja

Nashukuru kwa mchango kuhusu Zambia, na ninaukubali wote. Kuhusu Shenzhen nina maelezo, kwa sababu mfano huo kwa kweli unaniunga mkono. Ni kweli jiji hilo lilipunguza kodi ya faida, lakini mwezi Desemba 1987 lilinadi hadharani haki ya kutumia kipande cha ardhi, na baada ya hapo ardhi iliyopandishwa thamani na viwanda ikawa chanzo kikuu cha fedha za barabara na mabomba. Kile lilichokisamehe kwa mkono mmoja lilikivuna kwa mkono mwingine, jambo ambalo majiji mengi yanayoiga misamaha yake hayafanyi. Hata hivyo wahamiaji wengi hawakuandikishwa kuwa wakazi rasmi, na watoto wao walihangaika kupata nafasi katika shule za serikali.

Na mishahara ya wanawake wa Bangladesh haiwezi kuzungumzwa bila kutaja tarehe 24 Aprili 2013, siku ambayo jengo la Rana Plaza, pembezoni mwa Dhaka, liliporomoka na kuua watu 1,134. Jengo hilo lilikuwa limeongezewa ghorofa bila kibali halali. Nyufa zilionekana siku moja kabla, benki iliyokuwa chini ikawaondoa watumishi wake, lakini washonaji waliamriwa kurudi kwenye cherehani. Mkaguzi wa majengo ni mtumishi anayelipwa kwa kodi, na mamlaka isiyo na fedha za kumwajiri, au iliyo chini ya shinikizo la kutowaudhi wenye viwanda, haiwezi kulifunga jengo la namna hiyo kwa wakati. Mshahara wa mwanamke yule ulikuwa na thamani kubwa, na ndiyo maana alistahili jengo lisilomwangukia.

Kuhusu hofu ya mwekezaji kwenda kwa jirani, mwaka 2021 zaidi ya nchi 130 zilikubaliana kwamba kampuni kubwa za kimataifa zilipe kodi isiyopungua asilimia 15. Chini ya utaratibu huo, kodi ambayo nchi maskini inaisamehe inaweza kukusanywa na nchi tajiri yenye makao makuu ya kampuni, hivyo msamaha wa jirani hauna tena mvuto ule ule.

Mchangiaji wa kwanza

Kodi hiyo inahusu kampuni zenye mapato ya angalau euro milioni 750 kwa mwaka. Washonaji wengi wameajiriwa na wakandarasi, yaani wenye viwanda wanaoshona kwa oda za kampuni nyingine, ambao ni wadogo mno kufikia kiwango hicho, na hao ndio wanaohama kwa urahisi. Kwao hoja yako haijajibu kitu.

Mtoa hoja

Nakubali, na kwa ajili yao naibadilisha hoja yangu. Kodi ya faida ya wakandarasi hao isubiri makubaliano ya nchi jirani, ili pasiwe na jirani wa kukimbilia. Kodi ya ardhi na majengo, hata ndani ya uzio wa maeneo maalumu, ianze kukusanywa na halmashauri tangu sasa, kwa sababu mkandarasi anaweza kuondoka na cherehani zake zote lakini kiwanja kitabaki palepale.