Hitisinki ya skrepa kwa TDA7294 mbili: nichukue kipi?

Mpiga_Besi
Wakuu, naunda amplifaya ya TDA7294 (IC ya kukuza sauti) mbili, transfoma 18-0-18 (volti 18 za AC kila upande), spika za omu 8. Kwa muuza chuma chakavu kuna vitu vitatu: hitisinki (kipande cha kupoza chenye mapezi) ya prosesa ya kompyuta kuukuu pamoja na feni yake, kichwa cha injini ya pikipiki, na bamba la chuma la mm 5. Kipi kinafaa? Na IC zote mbili zikae kwenye kipande kimoja?

Fundi_Omu
Piga hesabu ya joto kwanza. AC ya 18 ikishapita dayodi na kapasita inakuwa kama volti 25 kila upande. Joto la juu la chaneli moja ni 2V² ÷ (π² × omu za spika), yaani 1250 ÷ 79, karibu wati 16. Hata isipopiga muziki inakula kama wati 1.5. Chaneli mbili: wati 35. Chumba kikiwa na nyuzi 35 na hutaki hitisinki ipite 75, unahitaji hitisinki inayopanda nyuzi 1.1 kwa kila wati au pungufu.

Bamba liache. Chuma hupitisha joto kama robo tu ya alumini. Chini ya IC pataunguza na pembeni pabaki baridi. Kichwa cha pikipiki ni alumini nzuri, ila upande wake bapa una shimo la mwako katikati, IC utailaza wapi?

Chukua ya prosesa, lakini geuza uone kitako. Ya mviringo inabeba IC moja tu. Tafuta ya mraba. Mapezi yake yamebanana, kwa hiyo bila feni hewa haipiti. Feni ni ya volti 12: iwekee 7812 (IC inayoshusha volti hadi 12) kutoka kwenye +25, na hiyo 7812 nayo ifungie kialumini chake, inatoa kama wati 2.

Tupa_na_Msasa
Kitako kisugue juu ya kioo: msasa 220, halafu 400, hadi mikwaruzo ienee kote. Toboa kwa biti ya mm 2.5, kata nyuzi za skrubu kwa tapu ya M3 huku ukidondosha mafuta ya taa, la sivyo alumini inang'ang'ania na tapu inakatikia ndani. Vinyweleo vya mdomo wa tundu viondoe kwa biti kubwa, ukiizungusha kwa mkono. Ndivyo vinavyotoboa maika, kile kipande chembamba cha kuzuia umeme kinachokaa chini ya IC.

Mgongo wa TDA7294 umeungana na hasi, yaani -25. Weka maika, na kibushi cha plastiki kwenye skrubu. Pesti ya kupitisha joto iwe nyembamba pande zote mbili. Kabla ya umeme, pima mgongo wa IC na hitisinki kwa multimita: isilie.

Waya_Mwekundu
Maika ya nini? IC zote mbili migongo ni -25 ileile. Zilaze moja kwa moja kwa pesti, kisha tenga hitisinki na boksi. Zitapoa vizuri zaidi.

Fundi_Omu
Kweli zitapoa zaidi. Ila skrubu moja ikidondokea kati ya hitisinki na boksi, -25 imeshaingia graundi. Kwa wati 35 na feni, maika inatosha.

Mpiga_Besi
Nipake rangi nyeusi?

Tupa_na_Msasa
Rangi nyeusi husaidia hitisinki isiyo na feni. Hapa usihangaike nayo, na chini ya IC isiguse kabisa.